Fritezi ya umeme: umeme ukikatika, hatari haijaisha

LUBUMBASHI – Jioni ikiingia hapa Lubumbashi, kazi ya kukaanga inaanza. Viazi vimekwisha kumenywa na vinangoja ndani ya beseni la maji. Makemba yamekatwa, samaki Thomson wametiwa chumvi, mafuta yanapata moto polepole. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika juu ya mbabula, kwa makala. Leo, katika nganda, katika mikahawa midogo na hata kwenye baraza za nyumba, mashine nyingine inachukua nafasi yake: fritezi ya umeme.

Kwa mchuuzi, faida inaonekana haraka. Hakuna moshi machoni, hakuna majivu, hakuna kupepea. Kitufe kinazungushwa, taa inawaka, na baada ya dakika chache mafuta yako tayari. Friti zinatoka na rangi moja, mteja hangoji sana.

Lakini mashine hii haina tabia za mbabula. Mbabula inaonyesha moto wake, na makala yakizima, hatari nayo inapungua. Fritezi inaficha moto wake. Umeme ukikatika, haina maana kwamba mashine imezimwa: imesimama tu, inangoja. Katika mji ambamo umeme unaondoka na kurudi bila kupiga hodi, tofauti hiyo ndogo inaweza kuunguza nyumba.

Usiku mmoja kama usiku mwingine

Tuchukue mfano wa mama mwenye nganda ndogo. Si habari ya mtu fulani, ni jambo linaloweza kumfikia yeyote. Saa tatu ya usiku, wateja wakiwa bado kwenye meza, umeme unakatika. Mama anangoja kidogo, anawasha taa ya simu, anahesabu feza, anafunga. Fritezi inabaki mahali pake na kitufe chake kwenye digrii 180. Ili vumbi na mende visiingie katika mafuta, anaifunika kwa kitambaa. Kisha anakwenda kulala.

Saa nane ya usiku umeme unarudi. Hakuna mtu anayeona taa nyekundu ikiwaka. Kama termostati, kile kifaa kinachopima joto na kukata umeme mafuta yakifika kiwango, iko nzima, mafuta yatabaki kwenye digrii 180 hadi asubuhi, chini ya kitambaa kinachoweza kuungua. Kama termostati imegandamana kwa uchafu au kwa uzee, mafuta yanaendelea kupanda. Mafuta mengi ya jikoni yanaanza kutoa moshi yakipita digrii 200 na kidogo. Yakikaribia digrii 350 yanaweza kushika moto yenyewe, bila cheche na bila kiberiti. Mafuta yaliyotumika mara nyingi yanafika huko mapema zaidi.

Fritezi za biashara zilizotengenezwa vizuri zina kinga ya pili: termostati ya usalama, ambayo inakata umeme kabisa mafuta yakifika karibu digrii 230, na hairudi mpaka mtu abonyeze kitufe kidogo kilichofichwa nyuma au chini. Kinga hiyo ikikata, inasema kwamba termostati ya kwanza imeshindwa kazi. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili “mashine isisumbue” anaondoa ukuta wa mwisho kati ya mafuta na moto.

Umeme wa mji wa mukuba

Lubumbashi imezungukwa na historia ya umeme. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Baadaye zilikuja Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Zote zilijengwa na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya mukuba. Mwaka 1982 ukaongezeka waya mkubwa wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita karibu 1.700, nao pia ulilenga migodi. Mitaa ya mji inakula katika sahani hiyo hiyo, na sahani haitoshi kwa wote. Ndiyo sababu kila mkaaji wa hapa analijua neno delestaji.

Kukatika ni sehemu moja tu ya shida. Sehemu nyingine ni nguvu ya umeme wenyewe. Mashine imeandikwa volti 220, lakini saa za jioni, wakati kabini ya mtaa imebeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake, kinachofika kwenye prizi kinaweza kuwa chini sana. Na usiku wa manane, wengi wakiwa wamezima, kinaweza kupanda.

Kwa fritezi, hesabu iko wazi. Fritezi ya wati 2.500 ikipata volti 170 badala ya 220, inatoa kama wati 1.500 tu. Kupasha lita 6 za mafuta kutoka digrii 25 hadi 180, kazi ambayo ingechukua dakika kama 12, sasa inachukua karibu 20, na hapo joto linalopotea hewani halijahesabiwa. Friti zikiingia, mafuta yanapoa na hayarudi haraka. Viazi vinakunywa mafuta, vinalegea, mteja analalamika. Mchuuzi anadhani mashine ni mbovu, anazungusha kitufe hadi mwisho. Volti zikirudi, kitufe kiko juu kabisa.

Zikipanda hadi 250, mashine hiyo hiyo inatoa zaidi ya wati 3.200. Waya mwembamba uliovumilia mchana unaanza kupata moto usiku. Kwa hiyo kipima-volti kidogo cha kuchomeka kwenye prizi si anasa. Kinaonyesha, kabla ya kuwasha, kama umeme wa saa ile unafaa kwa kazi.

Hesabu kabla ya kununua

Kosa la kwanza linafanyika dukani, mbele ya mashine inayong’aa. Mnunuzi anauliza bei na lita. Anasahau kuuliza wati. Namba hiyo iko kwenye kibati kidogo nyuma ya mashine, na ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Gawanya wati kwa volti 220, utapata amperi. Fritezi ya beseni moja, wati 2.500, inavuta amperi 11 na kidogo. Fritezi ya beseni mbili, wati 5.000, inavuta karibu amperi 23. Prizi ya kawaida ya nyumba imetengenezwa kwa amperi 16. Fritezi nyingi za beseni mbili zina waya mbili na pini mbili, kila moja kwa beseni lake, kwa sababu hiyo hasa. Anayezichomeka zote mbili kwenye ralonji moja amelirudisha tatizo ambalo mtengenezaji aliliondoa.

Mashine kubwa zaidi, za wati 9.000 na kuendelea, mara nyingi zinahitaji umeme wa njia tatu, volti 380. Nyumba yenye njia moja haiwezi kuibeba, na hakuna ujanja wa fundi utakaobadilisha hilo. Ni lazima kwanza kwenda SNEL, kuuliza kama kompteri na waya unaoingia nyumbani vinaweza kubeba mzigo mpya. Kuchukua umeme kabla ya kompteri ni wizi, na pia ni kuweka mashine yenye moto mahali pasipo na kinga yoyote.

Ndani ya nyumba, fritezi inataka njia yake peke yake kutoka kwenye sanduku la umeme. Waya wa milimita za mraba 1,5 ni wa taa. Kwa fritezi ya wati 2.500 au 3.000, waya uwe wa 2,5 na disjonkteri ya amperi 16 au 20. Kwa wati 5.000 kwenye waya mmoja, uwe wa milimita za mraba 4 na disjonkteri ya amperi 25, au zaidi kama njia ni ndefu. Disjonkteri, kile kifaa kinachokata umeme chenyewe mzigo ukizidi, kinalinda waya. Kuweka kikubwa kwa sababu kidogo “kinakata-kata” ni kuruhusu waya uungue ndani ya ukuta.

Katika mji wa mukuba, ni ajabu kwamba mkaaji anaweza kuuziwa waya usio wa mukuba. Lakini waya wa aluminiamu uliopakwa mukuba juu upo sokoni. Kwa unene ule ule, aluminiamu inapitisha umeme vibaya zaidi na inapata joto zaidi, hasa pale inapofungwa kwa skrubu. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: kama ndani ni nyeupe, si wa kazi hii.

Pini iliyokatwa

Vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa Lubumbashi vinapitia Kasumbalesa. Vingine vina pini tatu nene za duara za Afrika Kusini, vingine pini tatu za pembe nne zinazotumika Zambia. Prizi za hapa nyingi ni za mtindo wa Kibelji, matundu mawili na kipini kimoja kinachojitokeza. Kipini hicho ndicho waya ya udongo.

Ili kuingiza mashine, watu wanatafuta adapta ya bei ndogo, ambayo mara nyingi ina miguu miwili tu. Au wanakata pini na kufunga nyingine ya waya mbili. Ile ya tatu, ya kijani na manjano, inakunjwa na kuachwa. Mashine inawaka vizuri. Hakuna kinachoonyesha kwamba kitu kimeondolewa, mpaka siku ambapo waya wa ndani unagusa mwili wa inoksi. Hapo mwili wote wa fritezi unakuwa na umeme, na anayeushika kwa mkono wenye maji ya viazi ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini.

Waya ya udongo inaupa umeme huo njia nyingine. Inatoka kwenye prizi hadi kwenye chuma kilichopigwa ardhini nje ya nyumba. Chuma hicho kipimwe na fundi mwenye kifaa, na kipimwe wakati wa ukame, Agosti au Septemba, kwa maana udongo mkavu unapitisha umeme vibaya kuliko udongo wa mvua.

Pamoja nayo inahitajika diferansiyeli ya miliamperi 30. Kifaa hiki kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Kikikuta hata sehemu ndogo imepotelea njiani, kinakata mara moja. Disjonkteri inalinda waya, diferansiyeli inalinda mtu. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Ina kitufe cha kujaribu, kibonyezwe mara moja kwa mwezi. Isipokata, ibadilishwe.

Maji na umeme

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, unaleta hatari ambayo wachuuzi wa Congo hawawezi kuisahau. Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme wa nguvu kubwa ulianguka asubuhi baada ya mvua, mahali palipokuwa na maji. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa sokoni. Ule ulikuwa waya wa nguvu kubwa, si wa fritezi. Lakini somo la maji ni moja: volti 220 pia zinaua, na miguu iliyo ndani ya maji inazisaidia.

Kwa hiyo fritezi ya umeme haiwekwi chini ya turubai linalovuja, wala ralonji haipitishwi juu ya udongo uliolowa. Mchuuzi anayeuza nje wakati wa mvua aitoe mashine au asiiwashe. Beseni la kuoshea viazi likae mbali, ili hata likimwagika maji yasifike. Na ralonji, kama haiwezi kuepukwa kwa siku moja, iwe ya waya nene, yenye udongo, na ifunguliwe yote: ralonji iliyoviringishwa inapata moto katikati.

Meza ya fritezi iwe imara, sawa, isiyotikisika, na isiungue. Nyuma na kando ya mashine paachwe nafasi. Ukuta wa mbao, pazia na turubai vikae mbali. Mbabula isiwekwe jirani: mvuke wa mafuta na makala yenye moto havikai pamoja. Waya usining’inie mbele ya meza. Mtoto anayepita, au mguu wa mteja, akiuvuta waya, lita 6 za mafuta ya digrii 180 zinashuka pamoja na mashine.

Jambo moja zaidi, dogo kwa bei na kubwa kwa maana: disjonkteri ya kukata fritezi iwe karibu na mlango, isiwe nyuma ya mashine. Siku ya moto, hakuna mtu atakayepitisha mkono juu ya ndimi za moto ili kuchomoa prizi.

Kabla ya kitufe, mafuta

Kila beseni lina alama mbili, ya chini na ya juu. Mafuta yawe kati yake kabla ya kuwasha. Chuma cha kupasha, yaani rezistansi, kikiwa hakijafunikwa na mafuta, kinakuwa chekundu kwa muda mfupi, na mvuke wa mafuta ulio juu yake unaweza kushika moto. Mafuta yakipita alama ya juu, povu la viazi litayamwaga kwenye meza na kwenye miguu.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inaleta mtego ambao kijitabu cha kiwandani hakiufikirii sana. Mafuta ya mawese yanaganda usiku. Asubuhi yanaonekana kama yamejaa, lakini rezistansi ikiwashwa kwa nguvu zote inayeyusha yale yanayoigusa tu, inabaki na nafasi ya hewa kuizunguka, na inazidi joto chini ya mafuta magumu. Dawa ni kuyayeyusha kwanza katika sufuria kwa moto mdogo kisha kuyamimina, au kuwasha kwa kiwango cha chini kabisa, kwa vipindi vifupi, mpaka yote yawe maji. Mtu asiondoke wakati huo.

Viazi vinalowekwa ili kutoa wanga, hiyo ni kazi nzuri. Lakini vikaushwe kwa kitambaa safi kabla ya kuingia. Tone la maji likishuka ndani ya mafuta ya digrii 180 linageuka mvuke mara moja, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji mara 1.700 hivi. Ndiyo sababu mafuta yanaruka. Samaki wa friji aliye na barafu ni hatari zaidi. Kikapu kijazwe nusu tu, kishushwe polepole, na mpishi asiinamishe uso juu yake.

Kwa friti, wengi wanafuata njia ya Wabelji: mara ya kwanza kwenye digrii 150 au 160 ili viive ndani, vipumzike, kisha mara ya pili kwenye 175 ili vipate rangi. Rangi hiyo iwe ya dhahabu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa kwa joto kali vinatengeneza akrilamaidi, kemikali isiyofaa kwa afya, na inaongezeka kadiri chakula kinavyokuwa cheusi. Hakuna sababu ya kuzungusha kitufe hadi mwisho: mafuta hayaiti wateja kwa kuwa na moto zaidi.

Mafuta yanayotoa moshi kwenye digrii 180, yenye povu lisiloisha, yaliyo meusi na yenye harufu kali, yamekwisha. Kuyaongezea mapya hakuyaponyi. Kuchuja na kuondoa makombo kila siku kunayarefushia maisha, lakini kunafanyika mafuta yakiwa yamepoa. Hapa ndipo tabia ya mbabula inapodanganya. Sufuria iliyo juu ya makala mtu anaizoea kuinua na kuihamisha. Fritezi yenye mafuta ya moto haihamishwi, hata hatua moja.

Wakati wa kusafisha, kichwa cha mashine chenye vitufe na rezistansi hakitumbukizwi ndani ya maji. Kinafutwa kwa kitambaa chenye sabuni, umeme ukiwa umekatwa. Mashine nyingi zina swichi ndogo inayozuia kuwaka kama kichwa hakijakaa vizuri. Kuikaza kwa kijiti ili iwake hivyo hivyo ni kosa.

Umeme ukikatika

Delestaji ikifika, kuna mambo matatu, kwa mpangilio huu. La kwanza, rudisha kitufe cha joto kwenye sifuri. La pili, kata disjonkteri ya fritezi au chomoa prizi. La tatu, ngoja. Umeme ukirudi, acha dakika chache zipite, tazama volti, kisha washa wewe mwenyewe. Mafuta yasifunikwe kwa kitambaa kamwe. Mfuniko wa chuma wa mashine ndio kazi yake, na uwekwe umeme ukiwa umekatwa.

Kwa kuwa binadamu anasahau, kuna kifaa kinachokumbuka badala yake. Fundi wa umeme anaweza kuweka kontakteri yenye kitufe cha kuwasha kwenye njia ya fritezi. Umeme ukiwepo, mtu anabonyeza, mashine inapata moto. Umeme ukikatika, kontakteri inaachia. Umeme ukirudi saa nane ya usiku, hakuna kinachowaka mpaka mkono wa mtu ubonyeze tena. Mashine za kukata mbao zinatumia mpango huo huo, ili msumeno usianze kuzunguka wenyewe mbele ya vidole. Katika mji wetu, fritezi inastahili heshima ile ile.

Wengine wanageukia jenereta. Fritezi ya wati 2.500 haiwezi kutulia kwenye jenereta ya kiasi hicho hicho. Inahitaji kubwa zaidi, hasa kama friji nayo imeunganishwa. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu.

Mafuta yakiwaka

Siku ikitokea, mkono usiende kwenye ndoo. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanazama, yanageuka mvuke, na kurusha mafuta yenye moto hadi dari. Kata umeme kwenye disjonkteri ya mlangoni. Funika kwa mfuniko wa chuma au blanketi ya kuzima moto, ukiisogeza kutoka upande wako kwenda mbele ili mikono ikingwe. Kisha usifunue. Mafuta yaliyo bado juu ya digrii 350 yanawaka tena yakikutana na hewa. Yaachwe mpaka yapoe kabisa. Kizima-moto kinachofaa ni kile kilichoandikwa F, kilichotengenezwa kwa mafuta ya jikoni. Kile cha unga kinaweza kuangusha ndimi za moto, lakini hakipozi mafuta. Moto ukiwa umefika kwenye dari au ukutani, toa watu, funga mlango, ita msaada.

Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya mawese, si barafu. Vua pete na nguo, isipokuwa ile iliyoshikamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, peleka hospitali: Sendwe, Cliniques Universitaires au kituo cha karibu. Usingoje kama aliyeungua ni mtoto, au kama ni uso, mikono, au sehemu kubwa kuliko kiganja chake. Aliyepigwa na umeme asishikwe kabla ya kukata umeme.

Bei ya kulala

Waya nene, disjonkteri, diferansiyeli, kontakteri, chuma cha udongo, blanketi: vyote hivi vinaongeza gharama juu ya mashine ambayo tayari ilikusanyiwa feza kwa miezi. Mchuuzi anayehesabu kila franka anaweza kuona ni mzigo. Kama feza hazitoshi kwa vyote, ni bora kununua fritezi ndogo iliyofungwa vizuri kuliko kubwa iliyofungwa kwa ralonji. Na kama hata hiyo haiwezekani sasa, mbabula inaendelea kulisha familia, na mwenye mbabula anaona moto wake.

Lakini kazi ya mwisho ya kila siku haigharimu hata franka moja. Kabla ya kufunga mlango, umeme uwepo au usiwepo: kitufe kwenye sifuri, disjonkteri chini, prizi nje. Anayefanya hivyo kila usiku anaweza kulala, na umeme urudi saa yoyote unayotaka.